Mabruk Iliyomponza Shangazi Fakhriya

Simpendi Hamdun, na sioni sababu ya kujifanya. Mtu anayetaka kusikia mema yake na aende kwa mkewe, na hata huko asikae sana, maana mke naye ana yake ya kusema. Mimi namtaja kwa sababu habari ya shangazi yangu Fakhriya haitimii bila yeye. Ingekuwa inatimia, jina lake lisingepita kwenye kalamu yangu.

Nianze na shangazi mwenyewe.

Shangazi Fakhriya ni dada mkubwa wa baba yangu. Alizaliwa Nyamirambo, Kigali, katika nyumba iliyokuwa na duka la vitambaa mbele na migomba nyuma. Babu yetu aliondoka Sharqiyah, mashariki ya Oman, akiwa kijana asiye na kitu, akafanya biashara mpaka akawa na kitu, kisha miaka ya sabini, Oman ilipofungua milango kwa watu wake waliotawanyika Afrika, akaamua kurudi na wanawe. Nyumba iliuzwa haraka haraka kwa mtu aliyejua fika kwamba anayehama hana muda wa kubishana bei. Shangazi alikuwa msichana wa kuolewa wakati huo. Mpaka leo ukimtajia nyumba ile anakuuliza kama umekula.

Walipofika Ibra, mji wa Sharqiyah, hakujua Kiarabu zaidi ya kile cha kusalia. Akajifunza uuguzi, na Kiarabu akajifunzia wodini, kwa wagonjwa. Kwa hiyo kwa muda mrefu maneno aliyoyajua vizuri kuliko yote yalikuwa ya tumbo, homa na haja kubwa, na akina mama wa Ibra walikuwa wakimcheka, lakini walikuwa wakimsubiri yeye wakienda kujifungua. Mume alimpata, akamkosa mapema kwa ajali katika barabara ya Sinaw. Watoto hawakujaaliwa. Mimi ndiye ninayeitwa mwanawe, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Hapa petu mtu yeyote anayesema Kiswahili huitwa Mzinjibari. Huna haja ya kuwa umefika Unguja. Shangazi Unguja ameiona kwenye televisheni tu, kama mimi, lakini ni Mzinjibari, na baba yangu ni Mzinjibari, na mimi niliyezaliwa Ibra na kusomea Nizwa, ambaye Kiswahili changu cha mdomoni kina matobo kama wavu, nami ni Mzinjibari. Wengine hulisema neno hilo kwa mapenzi. Wengine hulisema huku wamebenua mdomo. Shangazi aliuona mdomo ule tangu siku za mwanzo, ukamkaa moyoni, akaazimia kwamba watasema mengine yote lakini hawatasema Fakhriya hana adabu.

Akazisomea adabu za hapa kama mtu anavyosomea mtihani. Alijua kahawa inaanza kumiminwa kwa nani na finjani inajazwa mpaka wapi. Alijua la kumwambia aliyenunua gari, aliyehamia nyumba mpya, aliyepata mtoto, aliyetoka hija, aliyetoka kuoga, aliyenyoa. Kila jambo na dua yake, na dua ilikuwa inamtoka kabla mwenye jambo hajamaliza kusema. Ikafika hadi wenyeji wenyewe wakawa wanawatuma mabinti zao wanaotaka kuolewa wakakae kwake siku mbili tatu waone mambo yanavyofanywa. Mimi adabu ile ilikuwa ikinichosha, na nilimwambia. Alinijibu kwamba ninaweza kuchoka kwa kuwa sijawahi kuingia ndani ya chumba watu wakanyamaza.

Alipostaafu akachukua alichopewa akanunua shamba Bidiya, nusu saa kutoka Ibra. Si shamba la kujivunia. Ni mitende kadhaa, ndimu, kibanda cha mbuzi na nyumba ya vyumba viwili yenye baraza. Maji yanakuja kwa falaji, ule mfereji wa kale unaogawiwa kwa zamu, na kabla hayajafika kwake yanapita kwanza katika shamba la jirani, mzee Zakariya. Hata njia ya kuingilia ni moja, yake na ya mzee Zakariya. Walikuwa wakielewana. Mzee alikuwa akimsafishia mfereji, shangazi akimpima presha. Siku alipoletewa hati yenye jina lake, aliisoma barazani kwa sauti, halafu akaniambia, "Hala, mwanangu, mimi hapa sihami tena. Hapa nitatolewa nimebebwa."

Basi watu wa Maskati wakaigundua Bidiya.

Zamani walikuwa wanapita tu na magari yao makubwa kwenda kwenye mchanga kulala kwenye makambi, wakirudi wananunua maji na barafu, kwaheri. Halafu mtu mmoja akafungua istiraha. Istiraha ni shamba lililong'olewa mitende likachimbwa bwawa la kuogelea, likazungushiwa ukuta, likawekwa spika. Maana yake ni mahali pa kupumzikia. Anayepumzika ni mpangaji, jirani hapumziki. Ilikuwa moja, zikawa tano, na zote zina leseni, mhuri juu ya mhuri, huwezi kumshitaki mtu kwa lolote. Na ardhi ambayo miaka yote watu walikuwa wanapeana kwa maneno na salamu ikawa ina bei ya kukufanya ukae chini. Ndugu waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kupimiana mipaka kwa kamba.

Wakati huo binamu mmoja wa shangazi alimpigia simu kutoka Kigali, akamweleza kwamba huko nako serikali imeruhusu kilimo cha bangi ya dawa, kwa leseni, na kwamba jirani na shamba moja la namna hiyo wenye ardhi wamegawanyika, nusu wanalaani na nusu wanauliza bei. Shangazi alicheka sana. "Sisi huku wamepanda mabwawa," akamwambia. "Na watu ni hao hao."

Kisha mzee Zakariya akafariki.

Shamba likamwangukia mwanawe, Nadhir, aliyekuwa na kazi yake Maskati na ambaye mara ya mwisho kushika jembe ni pale alipopigwa nalo picha. Kila mtu alijua atauza. Na hapo ndipo usingizi wa shangazi ulipokatika, kwa sababu shamba lile likigeuka istiraha, amekwisha. Maji yanapita kwao kwanza. Njia ni ya pamoja. Kati ya baraza yake na mahali ambapo bwawa lingechimbwa hapana hata mtende mmoja wa kumsitiri. Mwanamke mtu mzima, mjane, apikie wapi, asalie wapi, na vijana wasiomjua wanarukaruka majini na vichupi mbele ya macho yake?

Akaenda kwa mzee Aflah, wakili wa falaji, anayesimamia zamu za maji na kusuluhisha wanaogombana kwa ajili yake. Mzee Aflah akamtuliza. Akamkumbusha kwamba ipo haki ya shufaa. Jirani anayeshirikiana na mwuzaji njia na maji ana haki ya kulichukua yeye lile shamba kwa bei ile ile aliyotoa mnunuzi, na mnunuzi atake asitake atarudishiwa pesa zake aende. "Lakini shufaa haingoji," akamwambia. "Siku utakayosikia limeuzwa, pale pale uliposikia, sema unalitaka. Ukikaa kimya ukarudi kesho, imekupita."

Shangazi akauza dhahabu zake. Zote, hata bangili za mama yake zilizotoka Kigali zimeshonewa ndani ya mto. Akaniambia pesa zipo, sasa kazi ni kuwa macho.

Na macho aliyoyategemea, bahati yake mbaya, yalikuwa ya Hamdun.

Hamdun ni mzaliwa wa Unguja, kaletwa huku mtoto. Alikuwa karani serikalini, akastaafu, akawa dalali wa mashamba. Uso wake mviringo, kanzu yake haijawahi kuwa na doa, na Kiswahili chake, hili sina budi kumpa, ni kitamu. Pale kijijini hapakuwa na mtu mwingine ambaye shangazi angeweza kukaa naye akasema lugha aliyolelewa nayo. Akija, shangazi humpikia ndizi za nazi. Humwita "dada", na shangazi alikuwa akifurahi kuitwa hivyo na mtu asiye wa damu yake. Walikuwa wakikaa barazani wakisimuliana Nyamirambo na Malindi ya Unguja mpaka kahawa inakauka kwenye dele.

Kwa hiyo alimwambia yote. Alimwambia habari ya shufaa, alimwambia dhahabu keshaziuza, akamwomba amnusie tu, Nadhir akianza kutafuta mnunuzi amjulishe.

"Dada, mimi ndiyo macho yako," Hamdun akamwambia. "Wewe lala."

Nilikuwepo, nikayasikia maneno hayo, na nilikula ndizi zile zile alizokula yeye.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa likizo, nimekuja kumsaidia kuchemsha tende za mabsali kabla ya kuzianika juani, kazi ya moto na jasho ambayo Bidiya nzima huifanya kiangazi. Tukasikia gari mbili. Hamdun akashuka, na mwanamume mrefu wa Maskati mwenye miwani, na wanaume wengine wawili wa kijijini. Hamdun amebeba bakuli kubwa la halua, ya zafarani, ya bei mbaya.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, dada."

"Marahaba, Hamdun. Karibuni, fadhalini, karibuni barazani."

Shangazi akanawa mikono mbio mbio, akabadilisha mtandio, akaleta tende na kahawa. Akamimina kwa mpangilio wake, kulia kwenda kushoto, mgeni mkubwa kwanza. Wakauliza hali, wakauliza habari, wakauliza mavuno, kama kawaida, mara tatu tatu. Halafu Hamdun akajifuta midomo, akasema kwa Kiarabu ili wote wasikie:

"Bi Fakhriya, huyu ni Adham. Keshanunua shamba la marehemu mzee Zakariya kwa Nadhir, wamemalizana jana." Akaitaja na bei. "Nikamwambia, kabla hujatia mguu mle, nenda kwa jirani yako kwanza umsalimie. Halua hii ni yake kwako."

Wote wanne wakamtazama. Yeye amesimama na dele mkononi, bakuli la halua liko mbele yake, mgeni amekuja nyumbani kwake kumpa habari ya kheri yake. Mdomo ukatangulia.

"Mabruk," akasema. "Mwenyezi Mungu akubarikie, akutilie kheri ndani yake."

Ni dua ile ile aliyokuwa akiwaombea watu maisha yake yote, na ilimtoka vile vile, nzuri, nzima, haijapungua herufi.

Hamdun akawageukia wale wawili wa kijijini. "Mashaallah," akasema. "Mmeisikia dua hiyo?" Wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba waliletwa kuwa mashahidi.

Shangazi naye alielewa. Uso wake ulibadilika, nikaona mkono wenye dele unashuka. "Lakini mimi nalitaka," akasema. "Nina haki nalo. Mimi nataka shufaa."

Hamdun akamjibu kwa Kiswahili, polepole, wenziwe wasielewe. "Dada, umeshambariki mtu. Ungelikuwa unalitaka ungelisema mwanzo."

Mimi nikalipuka. Nilimwambia yeye ni mwizi, nikamwambia ameleta halua kuja kuibia mtu, nikachanganya Kiswahili na Kiarabu na sijui kama ngeli moja ilikaa mahali pake. Bwana Adham akatazama chini. Sidhani kama alijua kila kitu, lakini alijua cha kumtosha, na hakuuliza.

"Hala, nyamaza," shangazi akasema. "Pana wageni."

Na akamjazia Adham finjani ya pili. Nakwambieni wallahi, akamjazia.

Alasiri ile ile tukaenda kwa mzee Aflah. Njiani nilimwambia, "Shangazi, sema uliomba shufaa mbele, dua ikaja nyuma. Wao wanne, sisi wawili, lakini wewe watu watakuamini. Hakuna mtu Bidiya hii amewahi kukushika uongo." Mzee Aflah alipouliza alianza kusema lipi, akasema, "Nilianza kubariki."

Mzee akamwambia kwamba wanazuoni wamekhitilafiana juu ya jambo hilo, wapo wanaosema dua haivunji haki, lakini kwa mazoea ya hapa aliyebariki ameridhia. Akitaka aende mahakamani, pengine atampata hakimu wa kauli ile nyingine.

"Na nikienda, nitasema nini?" shangazi akauliza. "Nitasimama mbele ya hakimu niseme dua yangu ilikuwa ya uongo? Nilimwombea mtu kwa Mungu huku moyoni sitaki?"

"Ilikuwa adabu tu," nikamwambia.

"Basi ndiyo hivyo. Ningesemaje kwamba adabu yangu ni uongo?"

Hakwenda. Nilimkasirikia karibu sawa na nilivyomkasirikia Hamdun, na kwa siku kadhaa sikumpigia simu. Wiki iliyofuata niliingia kwenye soko la wanawake la Ibra, lile la Jumatano, nikamsikia mwanamke mmoja akimsimulia mwenziwe habari hiyo huku anachagua ubani. "Mzinjibari yule, hajui mambo," akasema. "Mwenyeji angenyamaza, angeuliza kwanza." Mwenziwe akacheka. Niliondoka bila kununua nilichokwenda kununua, maana ningekaa dakika moja zaidi ningemrushia ubani ule usoni.

Istiraha ikajengwa. Ukuta ulipanda mpaka ukaziba upepo wa magharibi, ambao ndio upepo pekee wa kiangazi pale. Mitende ya mzee Zakariya ililazwa chini kwa siku moja, na shangazi akaingia ndani akafunga madirisha asiione. Alhamisi jioni magari yanaanza kuingia, na njia ile ya pamoja inazibwa, ukitaka kutoka unakwenda kugonga mlango wa istiraha kuwaomba watu waliolowa maji wasogeze gari zao. Muziki ni mpaka alfajiri. Mara mbili shangazi alikuta chupa ndani ya mfereji, na si chupa za maji ya kunywa. Alipowaita polisi alikuja kijana mmoja mpole akaomba leseni, akapewa leseni, akamwomba mwenyewe apunguze sauti, ikapunguzwa mpaka gari la polisi lilipokata kona.

Adham akachimba kisima pia, kwa leseni. Zamu ya shangazi ya falaji ikawa inaleta maji membamba, ndimu zikaanza kujikunja majani.

Na bei ikazidi kupanda. Jirani wa upande wa pili, Balqis, ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko sote. Alikuwa akija barazani anailaani istiraha tangu msingi wake hadi spika yake, analia kweli, machozi haya haya. Siku moja akaja halii. Akakaa, akanywa kahawa, akasifu tende, na akiwa anaondoka akasema wanawe wamemshauri, na bei ya namna ile mtu haipati mara mbili, na yeye magoti yanamuuma. Dalali wake ni nani? Hamdun. Nilimwambia Balqis maneno ambayo sitayarudia hapa. Shangazi yeye alimtakia kheri, akamfungia tende za njiani.

Ikabaki bustani ya shangazi peke yake, katikati ya kuta mbili, na wote wawili, Adham na yule aliyenunua kwa Balqis, wanaitaka. Nilijua Hamdun atarudi, na alirudi.

Safari hii alikuja na msafara. Adham alikuwapo. Alikuwapo mzee mmoja wa ndevu nyeupe ambaye kijiji kizima humwamkia kwa kumbusu kichwa. Na alikuwapo mzee Aflah, wakili wa falaji, amechukuliwa kwa sababu ya uzito wake, na tangu aingie hakuinua macho kututazama. Huo ndio mtindo wa hapa. Ukiwa na ombi zito kwa mtu, unajikusanyia watu wazima ambao hawezi kuwaangusha.

Hamdun akaamkia. Shangazi akaitika. Akaleta tende, akaleta kahawa, akamimina kuanzia kwa mzee wa ndevu. Sikumwona akibadilisha chochote katika mpangilio wake. Mimi nilisimama mlangoni, nimefunga mikono, kwa kuwa sikuamini mikono yangu.

Hamdun akapokea finjani yake, akaitazama, akaiweka juu ya mkeka bila kuigusa na midomo. Adham akaiweka yake. Mzee wa ndevu akaiweka. Mzee Aflah akaishika kidogo, halafu naye akaiweka.

Anayejua desturi za hapa hahitaji kuelezwa. Mgeni akiiweka kahawa yako chini, anakwambia hainywi mpaka umpe alilolijia. Na mwenye nyumba mwenye adabu haachi kahawa ya mgeni ikakaa. Humwambia kunywa, umepewa, hata kabla hajaambiwa kinachoombwa ni nini. Watu wametoa ngamia kwa finjani moja, na mabinti, na damu za ndugu zao wamezisamehe. Kumwacha mgeni na kahawa yake chini ni aibu ambayo wajukuu wako wataisikia.

"Hatunywi, dada," Hamdun akasema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiarabu kwa ajili ya wenziwe. "Hatunywi mpaka utupe tulilolijia. Na tumelijia shamba hili, kwa bei yake na zaidi ya bei yake. Sote ni watu wako."

Alikuwa anatabasamu. Alimjua shangazi kuliko sisi sote, amekula kwake miaka, alijua hasa mdomo ule unavyotangulia. Nami nilimwona shangazi midomo inaanza kucheza, nikajua ni lile neno linakuja, "kunyweni", nikavuta pumzi ya kupiga kelele.

"Itapoa," shangazi akasema.

"Nini, dada?"

"Kahawa. Itapoa. Shamba siuzi."

Mzee wa ndevu akamtazama Hamdun, kama mtu aliyeambiwa jambo moja nyumbani na kukuta jingine hapa. Hamdun tabasamu halikumtoka mara moja, ilibidi alitoe mwenyewe.

"Dada, hawa ni watu wazima. Usiwavunjie heshima mbele ya mlango wako. Watu watasemaje?"

"Watasema Mzinjibari hana adabu," shangazi akamjibu, na alimjibu kwa Kiarabu, kila mtu asikie. "Wameshasema nikiwa nayo."

Wakanyanyuka. Adham akasema samahani, nadhani alimaanisha. Mzee wa ndevu alitoka bila kuaga, jambo ambalo pale halifanywi ila kwa mtu uliyekata naye uhusiano. Mzee Aflah akabaki nyuma kidogo, akaitazama finjani yake juu ya mkeka, nikadhani atainama aichukue. Hakuichukua. Akavaa viatu vyake akawafuata. Hamdun alikuwa wa mwisho kupanda gari, na kabla hajafunga mlango nilimwambia kwa Kiswahili changu kibovu asirudi tena kula ndizi hapa, na kama ndizi ni ya umoja au ya wingi atajua mwenyewe.

Nilirudi barazani nikicheka. Nilitaka kumbeba, nilitaka kupiga vigelegele, kijiji kizima kisikie kwamba yupo mmoja ambaye hawakumweza.

Yeye alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, dele pajani.

"Wameondoka na kiu," akaniambia. "Hala, wageni wameondoka nyumbani kwangu na kiu."

"Waende zao," nikamwambia. "Wakanywe bwawa."

Hakucheka. Nikaokota sinia nikamwage kahawa ile uani, akanishika mkono. Kahawa ya mgeni haimwagwi, hata hilo alikuwa analijua. Akachukua finjani ya Hamdun kwanza, halafu za wengine, akazinywa zote, moja baada ya nyingine, zimeshapoa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.